Mkono wa Kushoto wa Bwana Ngao

Radi hakuijua lugha ya filamu alizozitafsiri, na jambo hilo halikumnyima usingizi hata siku moja. Alikaa mbele ya kioo cha televisheni, akatazama midomo ya wageni ikichezacheza, kisha akawapa maneno. Jitu likikunja uso, Radi anatukana. Mrembo akiinamisha macho, Radi anabembeleza kwa sauti nyembamba mpaka watu wanavunjika mbavu. Lakini mali yake hasa ilikuwa mashujaa. Yule anayeruka juu ya maghorofa na joho mgongoni, yule anayesimamisha treni kwa kifua, wote walinguruma kwa koo lake, na mtaa mzima uliamini kwamba ndivyo mashujaa wanavyosema popote duniani. Sauti hiyo ndiyo iliyompa jina la Radi. Jina la kuzaliwa lilikuwa la mama yake kulitumia, na mama alishafariki.

Mitambo ilishikwa na mdogo wake. Watu walimwita Fundi, na wateja wapya walipofika wakimtafuta Fundi, walimpita mlangoni wakidhani ni mke wa mtu. Chumba chao kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Magodoro ya zamani yalipigiliwa ukutani kuzuia kelele za barabarani, na feni ilizimwa kila wanaporekodi kwa sababu ilikuwa na kikohozi chake. Fundi aliishusha sauti ya wageni chini kabisa, akaipandisha ya kaka yake, kisha akakata. Ndiyo ilikuwa desturi ya kazi: filamu lazima iishe kabla mteja hajaanza kupiga miayo, kwa hiyo sehemu za kunong'onezana na kulia zinaondoka.

"Machozi wanayo majumbani kwao," Radi alipenda kusema. "Hapa waje kuona vumbi."

Basi Fundi aliyatoa machozi kama mtu anavyotoa mawe kwenye mchele, na hakuyakumbuka tena.

Iliyowapa jina ni filamu ya Bwana Ngao, askari wa kale aliyevaa chuma kuanzia kichwani hadi miguuni. Katikati ya hadithi anajeruhiwa mkono wa kulia, unaoza, na mganga anamjia na msumeno. Hapo Radi alikaribia kupasua kipaza sauti: "Rudisha msumeno wako! Sitaishi nusu mtu! Nitakufa mzima!" Fundi akakata. Picha inayofuata, Bwana Ngao yuko juu ya farasi, joho limemfunika upande mmoja, anawafyeka maadui kwa mkono wa kushoto. Watazamaji wenye macho makali waliuliza, mbona wa kushoto?

"Dharau tu hiyo," Radi alijibu bila kupepesa. "Wale hata wa kulia hawaustahili."

Mtaa ukalipokea neno. Sitaishi nusu mtu lilisemwa uwanjani, lilisemwa kwenye ugomvi, lilisemwa hata na wanaume wazima waliokuwa wakikimbia kung'olewa jino.

Sauti ilipoanza kukwaruza walidhani ni mafua. Radi alikunywa maji ya moto, akalalamikia vumbi la magodoro, akaendelea kunguruma. Alipofika kwa daktari alikuwa hamezi vizuri hata uji. Daktari hakuzunguka. Kulikuwa na uvimbe mbaya kooni, pale sauti inapotengenezwa, na dawa yake ni kupasuliwa na kuondolewa sehemu hiyo yote. Ataishi, lakini sauti yake hataisikia tena.

"Daktari," alisema Radi, "sitaishi nusu mtu."

Alicheka mwenyewe. Daktari hakuwa mtu wa filamu, akamsubiri amalize. Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, alitazama sakafu.

Siku ya kupasuliwa ilifika, Radi akaenda kazini. Akapangiwa nyingine, nayo akaipiga chenga. Ndipo mkewe alipokuja kwenye chumba cha kurekodia mchana mmoja, Radi akiwa ametoka, akaketi kwenye kiti cha mumewe.

"Wifi, nimechoka," alisema. "Nikimwambia twende, ananijibu kwa maneno ya yule mtu wake wa mabati. Hivi mimi nimeolewa na mume au na bati? Kakako anakusikiliza wewe."

"Hanisikilizi, wifi. Ananiambia tu bonyeza hapa, bonyeza pale."

"Basi bonyeza kitu."

Wifi alipoondoka, Fundi aliitafuta nakala ya kwanza ya Bwana Ngao, ile ambayo hawajaigusa, kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Wakati anaikata zamani alikuwa msichana asiyeelewa chochote. Lakini miaka ya kusikiliza wageni kabla ya kuwanyamazisha ilikuwa imemfundisha lugha yao, kama mtu anavyojifunza ugomvi wa jirani kupitia ukutani. Akavaa spika za masikioni, akasikiliza.

Bwana Ngao hakunguruma. Alikuwa analia. Alimshika mganga nguo, akamwambia anaogopa, wamfunge macho, wasimwambie mama yake jinsi alivyopiga kelele. Kisha akauweka mkono mezani mwenyewe. Ulikatwa. Ilifuata sehemu ndefu ambayo Fundi hakuikumbuka kabisa, mtu mzima akijifunza kufunga vifungo, akidondosha kijiko, akianguka kutoka kwa farasi na kupanda tena, mpaka siku alipoingia vitani na joho likificha pengo. Fundi alilia na spika zake masikioni. Alilia kwa hasira pia, maana mkono uliokata yote hayo ulikuwa wake.

Kesho yake alimkalisha Radi, akamwekea picha, akawa anamtafsiria neno baada ya neno. Ilipofika sehemu ya kijiko, Radi alijifuta uso.

"Kumbe walimkata," alisema kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

"Walimkata, kaka. Ndiyo maana anapigana kwa mkono wa kushoto."

"Na mimi nikasema dharau." Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Alilia sana?"

"Sana. Ila aliuweka mkono mezani mwenyewe. Hicho ndicho walichompigia magoti wale watu mwishoni mwa filamu. Sisi tumewauzia kelele."

Radi aliweka kidole kooni.

"Sasa mdogo wangu, nikitoka kule sina sauti, watu wataniita nani?"

"Mimi nitakuita kaka," alisema Fundi.

Radi aliitikia kwa kichwa polepole, kisha akasema, "Haya. Wapigie simu. Waambie nakuja, na safari hii nakuja kweli."

Walikwenda watatu. Radi alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la sherehe. Walimpiga picha za kifua na shingo, wakawaweka kwenye benchi. Daktari alipotoka alimwita mke na dada pembeni, na Fundi akajua hata kabla hajafungua mdomo. Ugonjwa ulikuwa umeshuka mapafuni. Hakukuwa tena na cha kupasua. Kule kwenye benchi, Radi aliwatazama wakirudi, akaanza kufungua kifungo cha juu cha shati lake.

Hakuchukua muda mrefu. Mwishoni alilala kwenye chumba cha mbele, pazia limefunguliwa, mchana kweupe, watu wake wawili wamekaa kila upande.

Baada ya mazishi vijana wa mtaa walijaa uani, wengi wao wakiwa wamekua kwa sauti ile. Mmoja alisimama kwenye kiti na kupaza, "Sitaishi nusu mtu!" Wenzake wakaitikia ngumi juu, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha kijana mwenye duka la kuchapa fulana akamsogelea Fundi kwa adabu, amevua kofia.

"Dada, pole sana. Tunataka kuchapa fulana za kumkumbuka kaka yetu. Ile ya nusu mtu tunayo. Tunaomba na neno lake la mwisho. Alisema nini alipokuwa anaondoka?"

Fundi aliwatazama wote, nyuso zilizokuwa zikingoja ngurumo. Angeweza kuwapa. Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo mengi.

"Alisema, 'Naogopa. Nishikeni,'" alisema. "Nikamshika mkono."

"Wa pili niliushika mimi," alisema wifi yake kutoka mlangoni.

Kijana aliigeuzageuza kofia yake. "Dada," alisema kwa upole, "hilo hakuna atakayelivaa."

"Najua," alisema Fundi, akakaa chini palepale, akalia mbele yao wote.