Miaka Saba Nje ya Kaburi la Ukoo

Baba yetu alikata roho alfajiri ya Jumanne, baada ya siku mbili za homa na kukohoa damu. Jua halijapanda vizuri, mdogo wangu Ndrianaivo akanijia na karatasi ya kibali cha kuzika. Mwenyekiti wa kijiji ni mimi, na muhuri unakaa kwangu.

"Andika moyo," akasema. "Mzee wa miaka themanini na saba, nani atauliza?"

"Moyo haukohozi damu, Ndrianaivo."

"Dada, usianze."

Nikaanza. Nikamwambia hii ni tauni, na sheria anaijua kama ninavyoijua: aliyekufa kwa tauni haingii kaburi la ukoo mpaka miaka saba ipite. Anazikwa peke yake, mbali na watu, na wote waliomgusa wanaandikwa majina na kupewa dawa. Akanitazama kana kwamba nimemtemea mate usoni. Mama yetu yumo mle kaburini. Babu yumo. Kwetu mtu anaweza kuishi maisha yake yote kwenye nyumba inayovuja, mradi kaburi liwe la mawe, na mawe yale baba aliyabeba kwa mgongo wake mwenyewe. Anayezikwa peke yake huku kwetu ni mchawi.

"Ukimtupa baba," akasema Ndrianaivo, "mimi na wewe basi. Usinihesabu tena."

Maneno yale yalinichoma, sitaki kuwadanganya. Lakini nilikuwa nimeshapiga simu zahanati.

Alipojua, hakupiga kelele. Alikusanya wanaume kumi na wawili, wakamviringisha baba kwenye sanda ya hariri, wakamweka kwenye machela na kupanda naye kilimani. Nami nikawafuata nikihema, na miguu hii yangu ya miaka sitini na minne! Nilipofika walikuwa wameshalivuta lile jiwe la mlangoni kwa kamba. Kaburi lilikuwa wazi.

Daktari alifika nyuma yangu na vijana wake wawili waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni. Anaitwa Holiarisoa, binti mdogo tu, anaweza kuwa mjukuu wangu. Wanaume wakanyanyua sepetu.

"Naita askari," daktari akaninong'oneza.

"Ukiita askari leo tutazika wawili. Subiri." Nikageukia watu. "Daktari huyu ana kipimo. Ni haki yetu kukiona kwa macho yetu, si kuletewa habari. Apime hapa, mbele ya Ndrianaivo. Ikiwa si tauni, mimi mwenyewe nagonga muhuri na baba anaingia sasa hivi."

"Na ikiwa ndiyo?" mtu akauliza.

Nikamwashiria daktari aanze. Daktari akamchoma baba sindano kifuani, akavuta majimaji kidogo, akayadondoshea kijikaratasi cha kipimo. Tulisubiri dakika kumi na tano. Mimi nilikuwa naomba, jamani, naomba nionekane mjinga mbele ya ukoo mzima.

Ikatoka mistari miwili.

"Ni tauni," akasema daktari.

Waliokuwa wameshika machela wakaiweka chini na kurudi nyuma huku wakijifuta mikono kwenye suruali. Akabaki Ndrianaivo peke yake. "Waoga nyie!" akawafokea. Akashika miti ya machela upande wa kichwani, akaanza kumburuta baba kuelekea mlangoni.

Nikamwahi. Nikaketi kwenye kizingiti cha kaburi, nikanyoosha miguu kutoka ukuta huu mpaka ule.

"Toka, Dada."

"Niruke."

Kila mtu pale alinisikia. Kwetu mtu hamruki dada yake mkubwa, hata akiwa amelala kwenye mkeka. Ndrianaivo alisimama jasho likimtiririka, nami nikamwona anapima kama aniruke.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," nikamwambia. "Ndani ya wiki moja utawaleta humu wanao. Mimi nitakaa hapa mpaka kesho, kama unaweza niruke."

Akaiachia miti, akachuchumaa, akalia kwa sauti.

Hapo nikamgeukia daktari. "Na wewe. Tumetimiza wajibu wetu. Sasa niandikie: anazikwa wapi, hatua ngapi kutoka njiani, na tarehe tutakayoruhusiwa kumrudisha kwa mama."

"Mama Mwenyekiti, hakuna fomu ya namna hiyo."

"Basi leo ipo."

Nikaandika mwenyewe, juu ya goti, nikagonga muhuri. Daktari akasoma, akasita, akatia saini. Mtu asiniambie sheria ni ya kututisha tu. Kama inaweza kunizuia miaka saba, mwaka wa saba ukiisha na iniruhusu.

Tukamzika ng'ambo ya mikaratusi. Vijana wa nguo nyeupe ndio waliomshusha, sisi tukiwa hatua ishirini nyuma. Ndrianaivo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, ilibidi apaaze sauti kama mtu anayeita ng'ombe.

"Baba! Hatujakutupa! Tumekuazimisha kwa udongo!"

Nikampa ile karatasi aitunze. Akaikunja bila kunitazama.

Kisha daktari akatupanga foleni ya dawa, vidonge vya siku saba, kila mtu ameze cha kwanza mbele yake. Nilisimamia mimi. Niliwafokea wanaotema, nikawafungua midomo watoto, nikamshikia kikombe shangazi. Jua lilikuwa linateremka nilipoketi kwenye jiwe, sina nguvu hata ya kulia. Nilikuwa nimemuuguza baba siku zote mbili, nikimfuta mdomo kwa mikono hii.

Ndrianaivo akaja, akasimama mbele yangu. Alikuwa ameikunjua karatasi.

"Siku hii ikifika," akasema, "utakuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja."

"Na nani atashika kichwani, mimi nikishika miguuni?"

Nikatazama ng'ambo ya mikaratusi.

"Hujameza," akasema. "Nimekuangalia. Umewamezesha wote, wewe hujameza." Akanyoosha kiganja, kidonge kikiwa katikati. "Fungua mdomo, Dada."