Anayekoroma Darini

Bi Sindano hakupewa jina hilo kwa sababu ya kushona tu. Kushona alishona, tena sana: sare za shule, mashuka ya zahanati, na suruali za wanaume walionenepa wakasingizia kitambaa kunywea. Lakini mtaa ulimwita hivyo kwa sababu ya jicho na ulimi wake. Upindo ukienda kombo upana wa ukucha, atauona, akiuona, atausema. Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo kukaa na jambo moyoni wiki tano bila kulitamka. Lilimkaba kuliko mwiba wa samaki.

Jambo lenyewe lilianza na ufagio. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa lori, haonekani ila Jumamosi kwa Jumamosi, hivyo nyumba ilibaki na wanawake wawili: yeye na mkazamwana wake. Binti huyo aliingia katika nyumba ile akiwa mlalaji wa kupigiwa mfano. Kila asubuhi Bi Sindano ndiye aliyemgongea mlango. Ghafla, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuamka kabla ya majogoo. Anafagia. Wala hafagii ua wote, bali kipande kile kile chini ya dirisha la chumba chake. Akimaliza, anachukua ndoo na brashi, anasugua ukuta.

"Umeanza lini mapenzi na ufagio, mwanangu?" Bi Sindano alimuuliza asubuhi moja kutoka mlangoni.

Binti alishtuka, akaficha kitu nyuma ya mgongo, kimefungwa kwenye gazeti. "Vumbi, Mama," akasema, akacheka kile kicheko chake cha pengo.

Vumbi! Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ua mzima ni tope.

Siku hiyo Bi Sindano alingoja binti aende sokoni. Kisha akainama nyuma ya pipa la maji, pale ambapo ufagio haufiki. Akakiona. Kitonge cheusi, kirefu kama kidole gumba, kimeviringika vizuri mno kuwa takataka. Alikibeba kwa kitambaa hadi kwenye cherehani, akakilaza juu ya karatasi, akakifumua kwa kisu chake kidogo cha kufumulia mishono. Zikatoka nywele za kijivu zilizoshikamana kama pamba ya mto mkuukuu. Ndani ya nywele, mifupa: mbavu nyembamba kuliko pini, na taya dogo lenye meno yaliyopangana kama zipu ya gauni la mtoto.

Alikaa chini. Mtu hafungi nywele na mifupa pamoja kwa ajili ya supu.

Laiti angeita tu, "Wewe binti, njoo hapa, hiki ni nini?" hadithi ingeishia papo hapo. Lakini hofu iliutangulia ulimi wake. Na hofu ya Bi Sindano ilikuwa na historia. Miaka kumi na mmoja nyuma, bundi alilia juu ya paa lile jioni tatu mfululizo, na asubuhi ya nne mumewe hakuamka. Tangu hapo neno lenyewe halikutamkwa ndani ya nyumba. Kitabu cha shule cha mwanawe kilikuwa na picha ya yule ndege. Aliuchana ukurasa mzima akautia jikoni, na mtoto akaenda darasani bila ukurasa wa arobaini. Aliyetembelewa na kifo cha ghafla mara moja husikia hatua zake kila mlango unapolia.

Basi alianza kuchunguza, na mwenye shaka hakosi ushahidi. Jioni moja, baada ya kula, akiwa ukumbini anatia uzi kwenye sindano, alisikia mtu akikoroma. Sauti ilitoka juu, upande wa chumba cha binti: khhhh, khhhh, kama babu mwenye kifua. Mwanawe alikuwa safarini. Binti mwenyewe alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Unasikia?" Bi Sindano aliuliza.

"Nini, Mama?" binti akajibu haraka, na akaanza kugonganisha sufuria, akiimba kwa sauti. Mtu ambaye hakuwahi kuimba!

Mlio wa bundi Bi Sindano aliujua, haumtoki masikioni. Hiki hakikulia, kilikoroma. Kwa hiyo bundi hakumjia akilini hata kidogo. Alilojua ni kwamba binti anafuga kitu darini, na anakifichia sauti.

Jirani wao wa ukuta wa pili aliitwa Redio, kwa kuwa hazimwi. Bi Sindano akampitia kwa mbali. "Eti, mwenzangu, mtu akifunga nywele na mifupa akaviweka uani, anatafuta nini?"

"Anatafuta nyumba," Redio alisema bila kuacha kuchambua mboga. "Kwanza mwenye nyumba anaumwa, hajui anaumwa nini. Halafu sisi tunakuja kukaa msibani, na mtoa machozi wa kwanza ni yeye huyo huyo. Kwani ni nani?"

"Nauliza tu."

Kuanzia kesho yake kizunguzungu kikaanza. Akiinuka kwenye cherehani, ukuta unatembea. Hakugusa tena chakula kilichopikwa na mkazamwana wake. Anakipokea, anashukuru, kisha anakimwaga dirishani kwa paka na kushindia chai kavu. Paka yule akanenepa, manyoya yakang'aa. Mwingine angepata somo hapo. Bi Sindano aliamua kwamba dawa ile ni ya watu, haishiki paka. Halafu kopo lake la vifungo likapotea. Vifungo vyenyewe alivikuta vimemiminwa kwenye bakuli, kopo halipo. Anayekumaliza huchukua kitu ulichozoea kukishika. Hilo kila mtu analijua. Na binti alizidi kuwa mwema. Anamuuliza kama amelala vizuri. Anamfungia madirisha jua likizama. Anamwambia ahamie chumba cha mbele, "kuna hewa nzuri, Mama." Wema wote huo Bi Sindano aliuangalia kama mtu anavyoangalia noti mpya mno.

Ijumaa alimpigia mwanawe simu.

"Njoo umrudishe mkeo kwao. Nyumba hii haitutoshi. Ama mimi, ama yeye."

"Amefanya nini, Mama?"

"Unanihoji mimi, niliyekuzaa?"

"Hapana, Mama. Kesho nitakuja."

Alipokata simu moyo wake ulitulia. Mtoto mwenye adabu, alijisemea, hawapo wengi siku hizi.

Lakini Bi Sindano hakutaka kusimama mbele ya mwanawe na maneno matupu. Jumamosi asubuhi alikitia kile kitonge katika karatasi, pamoja na kingine kipya alichokiwahi kabla ya ufagio, akaenda zahanati ile ile anayoishonea mashuka. Mpima wa maabara alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, koti lake jeupe limekosa kifungo cha tatu. Alimtoa damu kidoleni, akaenda kuitazama, akarudi.

"Huna ugonjwa, mama. Ila damu imepungua. Unakula?"

"Kwa mashaka."

"Mashaka hayaongezi damu. Kula mboga, kula maharage."

"Sawa. Sasa na hivi." Akafungua karatasi juu ya meza. "Vipime. Halafu uniandikie ni uchawi wa aina gani, na mhuri uweke."

Kijana aliinama, na badala ya kushtuka akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. "Wengine tena! Mtaa wenu umebarikiwa." Akainua mkono kwenye rafu, akashusha kopo, akalifunua. Mifupa midogo ilikuwa imepangwa juu ya pamba, safu kwa safu. "Tazama. Panya, panya, panya. Bundi hatafuni, mama. Anammeza panya mzima mzima, kama wewe unavyomeza kidonge. Nyama inamfaa, nywele na mifupa anavitema. Mkivikuta chini ya dirisha, basi yeye yuko juu yake."

Bi Sindano hakuwa anatazama mifupa. Alikuwa anatazama kopo. Lilikuwa na kibonyeo ubavuni alichokijua, kwa kuwa lilimponyoka yeye.

"Kopo hili umelitoa wapi?"

"Kuna binti huniletea mifupa hii, kopo alilileta baadaye. Mara ya kwanza ilikuwa wiki tano sasa. Mrefu, ana pengo hapa mbele. Alikuja anatetemeka, akasema kuna mtu anamtegea vitu chini ya dirisha, na anamshuku mama mkwe wake. Nilipomweleza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, 'Kumbe nimemsingizia mama wa watu!'"

"Halafu?"

"Halafu akaanza kuhuzunika upya. Anasema huyo mama alifiwa na mume bundi akilia juu ya paa, na sasa akijua yuko mwingine darini, tena na makinda, hatakula wala hatalala. Akaniuliza wataondoka lini. Nikamwambia wakishajua kuruka, labda wiki saba hivi. Wakiwa na njaa wanakoroma kama wazee, basi akawa anauliza atazibaje ile sauti." Kijana akacheka. "Nikamwambia aimbe. Vipi, mama? Kaa kwanza. Mbona unainuka?"

Bi Sindano alitembea, kisha akakimbia, mtu wa miaka sitini na mbili mwenye upungufu wa damu. Aibu ilikuwa ikimchoma kifuani. Wiki tano binti wa watu anaamka gizani kuokota matapishi ya bundi ili yeye alale, na yeye ndani anampikia fitina.

Alipokata kona aliliona lori limeegeshwa. Mwanawe alikuwa amewahi. Alisimama uani na funguo mkononi, akitazama viatu vyake. Binti alikaa kizingitini, begi katikati ya miguu, amevaa vya safari. Hakuwa analia.

Bi Sindano hakungoja hata pumzi irudi. Alisema yote akiwa amesimama: kitonge, paka, kopo, simu. Alimtaja bundi kwa jina lake, kwa sauti, Redio akasikia na kunyamaza. "Nimekudhulumu, mwanangu," akamaliza. "Nilikuona muuaji, kumbe ndiwe uliyekuwa ukinilinda. Nisamehe."

Binti alimshika mkono, akamketisha kando yake. "Mama, hata mimi nilikushuku. Siku mbili nzima. Tumelingana."

"Hatujalingana. Wewe ulikwenda kuuliza."

Mwanawe alishusha pumzi ndefu, akacheka. "Basi, yamekwisha! Lete begi nilirudishe ndani."

Binti hakuliachia begi.

"Mama alikuwa anaogopa kufa," alimwambia mumewe taratibu. "Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

"Si Mama ndiye aliyenipigia..."

"Umefika saa nne. Umesema, 'Fungasha.' Nimefungasha nusu saa, nguo moja moja, nikingoja uniulize nimefanya nini. Ungeuliza tu, ningekujibu kwa neno moja. Hukuuliza."

Bi Sindano alifungua mdomo amtetee mwanawe. Alitaka kusema hana kosa, amemtii mama yake tu. Maneno yakafika ulimini na hapo hapo akayaona yalivyo, akayameza.

"Unakwenda kweli?" akauliza badala yake.

"Nakwenda kwetu kwanza, Mama. Nitapanda basi. Nahitaji kufikiri nikiwa mbali na nyumba hii." Binti akainuka. "Makinda wamebakiza wiki mbili. Usikubali mtu azibe lile tundu. Utaogopa?"

"Nitaogopa," Bi Sindano alisema, machozi yakimdondoka. "Nitakula ninaogopa hivyo hivyo."

Akalichukua begi, akalitia begani mwenyewe ingawa kichwa kilikuwa bado kinamzunguka, wakatoka pamoja kuelekea barabarani. Nyuma yao mwanawe alibaki katikati ya ua. Wakafika kwenye kona ndipo wakasikia sauti yake.

"Mama! Sasa mimi nifanye nini?"

Bi Sindano alisimama kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amzae, hakumwambia.