Moto Usiofuka Moshi

Siku ya tatu ya kujificha mlimani, juu ya kijiji cha Lubondja, Félicité aliogopa hata kukohoa. Bondeni askari walikuwa wakisaka watu kwa kufuata moshi, na kambi mbili za wakimbizi zilishapatikana hivyo. Lakini binti yake Ketsia alikuwa akiharisha tangu jana, na maji ya kijito yalikuwa tope tupu. Asipoyachemsha, mtoto atamfia mikononi.

Kabla ya vita Félicité alifundisha kemia katika mji wa Baraka. Miaka minne alipiga hesabu za moshi wa mji: jinsi mvuke wa kuni usioungua unavyopoa hewani, ukaganda kuwa chembe ndogo zinazotanda juu ya mapaa na kuingia vifuani. Watu walimcheka. Mwalimu mzima anahesabu moshi, kazi zimekwisha! Siku ya kukimbia alibeba daftari lake, akasahau viatu.

Hesabu zilisema mvuke ukiungua wote, chembe hazipatikani. Akachimba shimo, akapasua mianzi mikavu vipande vyembamba, akawasha, akateleka sufuria ya maji ya kijito. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto; moto usiofuka hawakuutaja. Huu uliwaka mkali, na moshi hakuna. Félicité akacheka, akaenda kumfunika mtoto.

Nyuma yake mama mkwe, Mama Adolphine, akatupa motoni fungu la majani mabichi ya kumfukizia mjukuu, kama alivyowafanyia watoto wake wote. Miali ikafa. Moshi mweupe ukapanda juu ya miti.

“Yesu wangu!” Bibi akanyakua sufuria ili auzime moto kwa maji.

“Hapana, mama! Mayi itaongeza moshi! Inaomba moto ya kuunguza moshi!”

Kitu kikavu kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Félicité akalichana daftari, akasukumiza kurasa chini ya majani, akapuliza mpaka kizunguzungu kikamshika. Zikawaka. Miali ikaula moshi; sufuria ikarudishwa, na maji yakaanza kutokota.

“Imeisha,” Mama Adolphine akanong'ona, akilia. “Na ile moshi yenye ilishapanda, mama Ketsia? Itabakia kule juu muda gani?”

Ukurasa wa jibu ulikuwa majivu, lakini alilikumbuka. Mchana usio na upepo, nusu saa. Na kutoka bondeni mpaka hapo ni robo saa kwa miguu.

Akamfunga Ketsia mgongoni.

“Beba mayi, mama. Atakunywa mu njia.”