Popo wa Nyumba ya Mikayi

Kila jua lilipokaribia kuzama, Nabututu aliacha lolote alilokuwa akilifanya, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama kando ya tangi la maji na kuinua uso kuelekea paa. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka. Kisha, pale ubao wa ukingo ulipoachana na ukuta, popo walianza kuchuruzika, mmoja, halafu wawili watatu, halafu kundi zima, kama moshi uliopata upenyo. Dorca aliyaona yote hayo kutoka dirisha la jikoni, pazia kalisogeza kwa ncha ya kidole. Mwanamke anayesema na popo, alijiambia, hasemi nao habari za mavuno.

Nyumba ilikuwa yake. Oketch, mumewe, aliijenga hapa Asembo Bay kwa jasho la kuendesha malori, akaiezeka mabati na kuitia dari, jambo lililowafanya majirani wa siku zile waje kuitazama. Lakini malori yale yale yalimzoesha Oketch kulala Sondu, na huko Sondu akaoa tena. Dorca aliishi na habari hiyo kama mtu aishivyo na mwiba uliovunjikia unyayoni: hauonekani, ila kila hatua inakukumbusha. Oketch alipozikwa, alidhani mwiba umezikwa naye. Kumbe mvua za masika zilikuja na lao. Mto Sondu ulivunja kingo, ukaifagia nyumba ya mke mdogo hadi msingi, na asubuhi moja Nabututu akatokea langoni na mfuko mmoja na sufuria.

"Mikayi," alisema, akimwita kwa cheo cha mke mkubwa, "sina pengine pa kwenda."

Ndugu wa marehemu walikuwepo, na mchungaji pia. Dorca angesema nini? Alimpa chumba cha nyuma. Katika Kijaluo, neno la mke mwenza na neno la wivu yamechipuka kutoka shina moja, na Dorca hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia. Watoto wake wawili, Sydney na Rachael, walikuwa mbali mijini na watoto wao wa kuwalea. Nabututu hakuwa na mtoto. Mtu asiye na mtoto, Dorca alifikiri, hudai nini katika nyumba ya mwenye watoto? Na asiyedai kitu kwa mdomo, hukidai kwa njia gani?

Haukupita muda mrefu, dari likaanza kukwaruza. Kinyesi kidogo cheusi, kama cha panya, kikawa kinaamkia barazani kila siku. Harufu kali ikashuka hadi chumba cha wageni.

"Popo hawaji bure, Min Sydney," alisema Celestine, jirani yake na mwenzake wa kwaya, akimwita kwa Kijaluo mama wa Sydney, walipokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani. "Yule mgeni wako alibeba nini kwenye ule mfuko?"

Dorca alicheka. Lakini neno likiingia sikioni halitoki kwa kicheko.

Tangu hapo akawa analinda. Alimwona Nabututu akipiga picha lile tundu. Alimwona akiokota kinyesi kwa kijiti na kukichunguza, akakitia kwenye karatasi. Na Jumamosi moja, akipita nyuma ya jiko, alimsikia akinong'ona kwenye simu.

"Bado, Bwana Waliaula. Bado wadogo. Tukiharakisha tutaharibu kila kitu… Ndiyo. Tungoje watoke wote, asibaki hata mmoja ndani. Ndipo tufunge."

Damu ilimpanda Dorca kichwani. Wadogo ni nani kama si watoto wa Sydney na Rachael, warithi wa nyumba? Watoke wote, asibaki hata mmoja, kisha nyumba ifungwe! Na huyo Waliaula, mwenye jina la Kiluhya kama Nabututu, ni kaka, wakili au mganga? Hakuuliza. Mtu aliyekwisha kutoa hukumu huona swali kuwa kupoteza muda.

Jumatatu, Nabututu alipokwenda sokoni, Dorca alimwita Oyugi, fundi mwashi. Oyugi alipanda ngazi, akatega sikio penye tundu, akateremka nusu.

"Mama, hawa wamo ndani saa hizi. Wanalia."

"Nimekuita uzibe au uwapigie ramli? Ziba."

Oyugi alishindilia waya na saruji hadi tundu likawa ukuta. Mchana kutwa dari lilinyamaza. Dorca aliimba akiosha vyombo, akahisi kwamba ameushika uzi mmoja katika ule mtego na kuukata.

Giza lilipoanza kutanda, dari lilipata wazimu.

Kwanza kilisikika kishindo cha mabawa, mengi kwa pamoja, yakipiga ubao kama mvua ya mawe. Kisha vilio vyembamba, vya kuchoma sikio. Popo wa kwanza alipenya kwenye mwanya wa taa, wa pili akamfuata, na kabla Dorca hajapata la kufanya, sebule ilikuwa imejaa vivuli vinavyozunguka. Alikimbilia chumbani. Mmoja alikuwa ameanguka juu ya kitanda, akitambaa kwa viwiko vya mabawa, na tumboni mwake kaning'inia kitu kidogo, cha rangi ya waridi, bila manyoya. Dorca alimrukia na leso. Chini ya kitambaa akahisi mchomo kwenye kidole, mdogo kama wa sindano.

Mlango wa mbele ulifunguka. Nabututu alisimama akiwa na kapu mkononi. Alitazama juu, akatazama matone ya saruji aliyoyaacha fundi barazani, akaelewa. Hakupiga kelele.

"Zima taa, Mikayi. Fungua madirisha yote, kisha utoke nje. Watatoka wenyewe. Usimshike yeyote kwa mkono." Kisha akamtazama vizuri. "Umeumwa?"

"Sijaumwa." Dorca alikunja kidole ndani ya kiganja. Damu yake aione mwanamke huyu? Kesho ingekuwa kwenye karatasi, pamoja na kile kinyesi.

Nabututu alizima taa mwenyewe, akafungua madirisha. Kwenye kitanda alimfunika popo yule kwa beseni, bila kumgusa. Kisha alimfuata Dorca nje, akasimama mbele yake katika mwanga wa mwisho wa jioni.

"Nilipika katika shule moja huko kwetu," alisema. "Popo waliingia kwenye dari la bweni. Wakubwa wakaamuru tundu lizibwe, kama lilivyozibwa hili. Akina mama wa popo wakashuka vyumbani na watoto wao. Wasichana wawili waliumwa. Mmoja alisema, akapelekwa kuchomwa sindano. Mwenzake aliona haya kwa kidonda kisichofika hata ukubwa wa punje ya mtama. Nilimjua, Mikayi. Alikuwa akija jikoni kuniomba ukoko. Baada ya wiki kadhaa nilimpelekea maji, akayaogopa kikombeni, kama aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Hakuishi."

Upepo wa ziwani ulipita kati yao. Dorca alimkazia macho, akitafuta mtego ulipo. Aliutafuta machoni, akautafuta mdomoni na kwenye vidole vilivyokuwa vikisokota ncha ya kanga. Kama ni uongo, alifikiri, basi ni uongo unaomwumiza mwenyewe. Polepole akakifungua kiganja.

Nabututu alimvuta hadi kwenye bomba la tangi. Alikisugua kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka, akasugua, akasugua, hata Dorca akadhani ngozi itatoka.

"Yatosha."

"Haijatosha."

"Ulikuwa ukisema nini kwenye simu?" Dorca aliuliza ghafla. "Wadogo. Watoke wote. Tufunge."

Nabututu aliinua macho. Uelewa ulimjia taratibu, na nyuma ya uelewa yakaja maumivu.

"Waliaula ni ofisa wa wanyamapori. Alinipa kazi ya kuwahesabu jioni, nimpelekee picha na kinyesi chao, nimwambie tundu wanalotokea na kama wana watoto. Watoto wakishaweza kuruka, wote hutoka, ndipo mtu huziba. Ulidhani namsema nani?"

Dorca alitazama povu likichuruzika kidoleni.

"Ningekuambia," Nabututu aliendelea, akirudi kwenye sabuni. "Lakini kila nikiingia unapokaa, unanyamaza. Nikasema nitakuambia siku utakayoniuliza."

Oyugi aliitwa, akaivunja saruji ikiwa bado mbichi. Dorca alipelekwa hospitalini kwa pikipiki, Nabututu nyuma yake, mkono ukimshika kiunoni asianguke. Waliaula alimchukua popo yule wa chini ya beseni akapimwe; majibu yalichelewa, na daktari alisema chanjo haingoji majibu. Dorca alirudi kuchomwa sindano mara kadhaa. Kila mara Nabututu alikuwa kwenye benchi la kungojea, na kila mara Dorca alijiuliza anangoja nini. Shaka si vumbi la kupanguswa kwa kitambaa kimoja. Lakini siku moja Nabututu alichelewa, na Dorca akajikuta akiutazama mlango.

Watoto wa popo walipopata mabawa, Waliaula alikuja na wavu mgumu wenye macho madogo mno kumnasa yeyote. Aliufunga juu na ubavuni mwa tundu, chini akauacha wazi: anayetoka ateleze chini na kwenda zake, anayerudi asipaone pa kuingilia. Jioni kadhaa wake wenza walisimama pamoja kando ya tangi wakitazama. Safari hii Dorca naye midomo ilimcheza. Kulipopita jioni bila hata mmoja kutoka, Oyugi aliziba. Walivaa barakoa na glavu, wakanyunyizia maji dari lote vumbi lisiruke, wakalisafisha.

Celestine alikuja Jumapili baada ya ibada. Dorca alimkaribisha barazani, na Nabututu akaleta chai.

"Popo wameingia kwangu," Celestine alisema. "Tangu Alhamisi. Wametoka hapa wakaja kwangu moja kwa moja, kama waliotumwa."

"Usizibe," Dorca alisema. "Tutazame kwanza kama kuna watoto. Nitakuja jioni na mwenzangu."

"Mwenzako?"

"Mwenzangu."

Celestine alimtazama Nabututu, kisha akamtazama Dorca, na macho yake yakakaa kwa Dorca muda mrefu zaidi. Yalikuwa yakipima na kutafuta. Dorca alikujua kutazama kule vizuri kuliko alivyopenda: ndiko kwake mwenyewe, nyuma ya pazia.

"Wacha niwahi," Celestine alisema, akainuka. Alivuka uwanja haraka, bila kugeuka.

Kikombe chake kilibaki mezani, kimejaa, mvuke ungali ukipanda. Hakukigusa hata kwa mdomo. Wanawake wawili walikitazama. Kisha Dorca alikivuta, akamimina nusu kwenye kikombe cha Nabututu na nusu kwenye chake.

"Sukari imekolea," alisema, akanywa.