Kinyonga wa Luqman

Mume wangu Luqman ana maradhi ambayo daktari wake hajazaliwa: akiwa na kitu kizuri, hawezi kukaa nacho kimya. Watu wengine huficha mali zao hata kwa wake zao. Huyu wangu, akipata jiwe lenye mng'ao, hali wala halali mpaka kijiji kizima cha Mwabungo kije kulitazama, na mimi nikae jikoni nikiwakaangia wageni viazi.

Alianza tangu alipokuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Wageni walimwonyesha pete zao, naye akaingiwa na hamu. Siku zake za mapumziko akawa anapanda bara, kule Kuranze kwenye machimbo, kutafuta vipande. Wenzake walijenga nyumba, yeye alirudi na kokoto ndani ya leso. Tulizozana, wallahi, mpaka majirani wakachoka kutusuluhisha. Lakini jicho alikuwa nalo, hilo simnyimi. Alikusanya tsavoraiti za kijani kibichi, yakuti ndogo nyekundu, garneti za rangi ya embe bivu, kila moja ndani ya kikebe chake chenye pamba.

Kisha Kaingu, mchimbaji wa huko Kuranze, akamletea Kinyonga.

Kinyonga ni jina tulilolipa sisi. Jiwe lenyewe halikuzidi punje ya hindi. Mchana lilikuwa kijani, kijani cha maji ya bahari penye mwamba. Ukifunga madirisha ukawasha koroboi, palepale linageuka jekundu kama tone la damu. Sitii chumvi. Siku ya kwanza nilipoliona likigeuka niliweka taa chini nikatoka nje, nikamwambia Luqman jiwe hilo lina wenyewe wasioonekana. Alicheka mpaka akatoa machozi. Akaniambia ndivyo lilivyoumbwa, ni nadra mno, hata wanunuzi wakubwa wa Nairobi huenda wakamaliza umri wao bila kulishika mkononi. Alidhani ananituliza! Kitu wanachokitafuta wakubwa kimelala ndani ya kikebe cha dawa ya kikohozi, chini ya kitanda changu, na mlango wetu wa nyuma una komeo la mbao. Tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Luqman yeye hakuogopa wezi. Alichokiogopa ni kijicho. Basi akaweka utaratibu wake. Kila Ijumaa wakitoka msikitini, wageni huja kwetu. Madirisha yakishafungwa na koroboi ikishasogezwa, yeye hukaa na ngumi imefumbwa, husema, "Semeni!" Nao wote huitika, "Mashaallah, tabarakallah!" Hapo ndipo ngumi hufunguliwa. Asiyeitika haonyeshwi kitu, awe nani. Mambo hayo yalizoeleka hata watoto wa jirani wakawa wanayacheza na vifuniko vya soda.

Kiongozi wa waitikiaji alikuwa Swabir, fundi cherehani wa Ukunda, rafiki wa Luqman tangu walipokuwa wakisoma chuo cha Kurani pamoja. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Swabir akiitika huivuta ile "llah" ya mwisho, huipitisha puani, huipandisha juu kisha huiangusha. Nilikuwa nikimtania, "Shemeji, hapa unasifu jiwe au unaita mbuzi?" Naye hucheka, huchukua kiazi kingine. Amekula kwenye sahani zangu mtu huyo mpaka nazijua kucha zake.

Nilimsihi Luqman alipeleke jiwe mahali pa salama. Akanijibu kwamba jiwe likifungiwa ni sawa na maiti. Halafu siku moja dada yangu wa Msambweni akanitumia video kwenye simu, naye ametumiwa na watu asiowajua. Nikafungua. Ala! Koroboi yangu, meza yangu, vidole vya mume wangu, na Kinyonga akigeuka. Kuanzia hapo kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilinikimbiza dirishani. Luqman nilipomwonyesha, alichouliza ni watu wangapi wameitazama.

Walikuja Jumatano, baada ya Alasiri. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, njiani hapana mtu. Nilikuwa nachambua mchicha, Luqman yuko kwenye kiti akipangusa vikebe vyake. Nilisikia komeo la nyuma likivunjika, kisha wakawa wamo ndani, wawili, nyuso zimefungwa vitambaa. Mmoja mrefu, kijana, mkononi ana panga. Wa pili alikuwa na koti la mvua lenye kofia, ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, hatutaki kelele," akasema yule mrefu. Lafudhi yake si ya kwetu. "Leta ile mawe inachange. Ile ya video."

Luqman alinitazama, nami nikamtazama. Nilimwambia, "Wape, Luqman. Kwa haki ya Mungu, wape." Akanyoosha mkono, akatoa kikebe, akakiweka mezani.

Yule kijana akakimimina. Kinyonga akaanguka kwenye kitambaa cha meza, kijani, mnyonge, punje tu. Kijana akatoa simu yake, akawasha tochi, akalimulika. Jiwe likabaki kijani. Akaligeuza, akalimulika kwa karibu. Kijani vilevile.

"Hii ni feki," akasema. "Mzee, unatuchezea?"

"Ndilo hilo," akasema Luqman.

"Hii haichange!" Akamshika Luqman ukosi, akamwekea panga shingoni. "Kuna ingine umeficha. Nahesabu, mzee. Nikimaliza, mama ataosha hii floor."

Jamani, nieleze nini? Jiwe la kweli liko mbele yao, na wao hawaliamini. Ningekuwa na jingine ningelitema. Yule wa pili alimgusa mwenzake begani, akaonyesha dirisha, kisha akaonyesha rafu iliyo nyuma ya pazia. Hakusema neno. Tangu waingie hakuwa amesema neno. Mwenzake hakumwelewa, akausukuma mkono wake, akaanza kuhesabu.

Na Luqman, panga liko shingoni, damu nyembamba inamchuruzika mpaka kwenye kanzu, unajua alifanya nini? Alikasirika! Si kwa sababu ya panga. Ni kwa sababu jiwe lake limeitwa feki.

"Wewe kijana hujui kitu!" akafoka. "Tochi ya simu ina mwanga baridi, utalimulika mpaka kiama halitageuka. Linataka moto wa mafuta. Hanifa! Funga madirisha, lete koroboi."

Nilifunga madirisha. Nikavuta pazia, koroboi ilikuwa palepale kwenye rafu. Vijiti vitatu vilivunjika mkononi mwangu kabla cha nne hakijawaka. Nikaileta mezani. Kijana alikuwa ameacha kuhesabu. Luqman akalichukua jiwe, akalifumbata. Nikaona uso wake umebadilika, nikaujua. Ulikuwa uso wake wa Ijumaa. Alikuwa amesahau panga, amesahau wezi, amenisahau mimi.

"Semeni!" akasema.

"Tuseme nini?" akauliza yule mrefu.

Nyuma yake, ndani ya kile kitambaa, yule bubu akaitika. "Mashaallah, tabarakallaaah." Ikavutwa, ikapita puani, ikapanda, ikaanguka.

Luqman akafungua ngumi. Kinyonga alikuwa mwekundu. Yule mrefu akaachia ukelele kama mtoto aliyeona sarakasi. Mimi sikulitazama jiwe. Nilikuwa nimemtazama mwenye koti la mvua, naye ananitazama mimi, na kati yetu kulikuwa na ile koroboi tu. Nikaona kucha zake. Yarabi, nikasema moyoni, nipofushe. Nikainamisha kichwa, nikaanza kulia kwa sauti, nikalia kama mtu asiyesikia wala kuona, maana nilijua nikinyamaza atayasoma macho yangu na panga litarudi kufanya kazi nyingine.

Wakachukua Kinyonga, wakachukua na vikebe vyote. Walipotoka, yule wa pili alisita kidogo mlangoni, mgongo wake umetuelekea. Kisha akaenda.

Majirani walijaa. Akina mama walinishika, wanaume wakamzunguka Luqman. Askari wakaja, wakauliza, wakaondoka. Swabir peke yake hakuonekana, na Luqman akasema, "Masikini, kazi zimemzidi." Nilitaka kumwambia. Maneno yalinifika kwenye meno. Lakini namjua mume wangu. Moyoni mwake hamna mlango, kinachoingia kinatoka saa hiyohiyo. Angepiga kelele mbele ya watu wote, na habari ingemfikia Swabir kabla ya askari. Nikajipa moyo kwamba yeye hakusikia. Macho yake yote yalikuwa kwenye jiwe, sivyo? Nikapanga Ijumaa asubuhi, watu wakishapungua nyumbani, nimchukue mpaka kwa kaka yangu Matuga, tumwambie mbele ya kaka, halafu twende kwa askari sote.

Alhamisi, kabla ya Adhuhuri, nikasikia barazani, "Hodi hodi! Assalaam aleikum, shemeji."

Sufuria iliniponyoka. Luqman alikwisha kufungua mlango, wamekumbatiana. Swabir alikuwa amevaa kanzu safi, ameleta mkate wa mofa ungali moto umefungwa gazetini.

"Pole sana, shemeji Hanifa," akaniambia. "Habari imenifikia jana usiku. Mumeumia?"

"Tumshukuru Mungu," nikasema. Nilimmiminia kahawa, nikashika kikombe kwa mikono miwili kisitikisike. Alikipokea polepole huku akinitazama vidole.

"Uliwaona nyuso?"

"Nione wapi, shemeji? Nilikuwa nalia tu. Hofu ilinijaa, sikuona wala sikusikia."

"Hukusikia kitu?"

"Sikusikia."

Akanitazama kidogo zaidi, kisha mabega yake yakashuka, akachukua kipande cha mkate. Nikavuta pumzi. Nilisimama karibu ya kiti cha Luqman nikaweka mkono begani kwake, nikambana nyama kwa kucha. Nyamaza leo, baba. Leo tu.

Ah, wapi! Luqman alikuwa amepoteza mawe, lakini amepata kisa, na kisa nacho ni kitu cha kuonyesha. Tangu jana alikuwa amekisimulia mpaka kimelainika. Alisimama. Alituonyesha kijana alivyoshika panga. Alituonyesha tochi, akatuonyesha mimi na vijiti vyangu vya kiberiti. Swabir akawa anatikisa kichwa, "Lahaula, lahaula."

"Lakini ngoja," akasema Luqman, "kuna kitu sijamwambia mtu. Hata askari. Nimekuwekea wewe."

"Luqman, kahawa yako inapoa," nikasema.

"Ipoe! Sikiliza, Swabir. Nimeshika jiwe, panga lipo hapa. Mazoea hayana dawa, nikasema, 'Semeni!' Na mwizi mmoja akaitika! Wallahi, mwizi ameitika! Anaiba na huku anaogopa asilitie jiwe kijicho!" Akapiga makofi, akacheka peke yake. "Na alivyoitika, ngoja nikuonyeshe."

Luqman ni hodari wa kuiga sauti, kila mtu Mwabungo anajua. Huiga wazungu, huiga maimamu, huniiga mimi. Akajifunga leso usoni, akashusha kichwa, akavuta pumzi.

"Mashaallah, tabarakallaaa..."

Ikapita puani, ikapanda. Haikuanguka. Ilibaki juu, imekatika, na mdomo wa Luqman uko wazi ndani ya leso. Nilimwona akiisikia. Macho yake yalitoka kwangu, yakaenda kwa Swabir, yakakwama hapo.

Swabir alikiweka kikombe chini bila kutoa mlio.

"Malizia, Luqman," akasema.

Mume wangu hajawahi kuacha kisa nusu maisha yake yote. Akaishusha leso. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Nimesahau," akasema.

"Umesahau?"

"Nimesahau alivyosema. Uzee, Swabir."

Swabir akanigeukia. Sikuwa na kilio tena cha kujifichia. Akanyanyuka, akavaa kofia yake vizuri, akakunja lile gazeti la mkate akalitia mfukoni.

"Si kitu," akasema. "Kesho ni Ijumaa. Nitakuja kama kawaida, pengine utakuwa umekumbuka. Lakini usimsimulie mwingine kwanza. Kisa kizuri hiki, nisikie mimi mwanzo."

Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake kwa adabu. Luqman aliukimbilia akasukuma komeo, kisha akaushika mkono wangu. Wake ulikuwa baridi.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, Hanifa?"

"Nikuambie wewe, Luqman?" nikasema. "Wewe?"

Alikaa sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni, nami nikakaa kando yake. Tukasubiri kusikia ndara za Swabir zikishuka ngazi za baraza. Hazikushuka.