Watu wa Usalama Wafika Nshamba

Kitengo cha Usalama wa Mionzi hospitalini kwetu Muleba kina mkuu mmoja, Gaudiosa, na mtumishi mmoja, Gaudiosa. Ijumaa moja, kesho yake alikuwa anaolewa Bukoba, na mganga mkuu bado anamkatalia ruhusa.

"Ukiondoka nafunga eksirei. Waliovunjika miguu niwapeleke wapi?"

"Basi ajiri mtu wa pili."

"Mlete. Aanze leo leo."

Mtu alikuwepo: Wilbert wa Nshamba, aliyesoma naye chuo, yuko nyumbani hana kazi na simu haipatikani. Gaudiosa akanigeukia mimi dereva.

"Kaka Kahigi, usirudi bila yeye. Nitaolewa kwa simu?"

Nshamba nikasimama dukani, nikashusha kioo. "Wilbert anakaa wapi? Nimetumwa na Usalama."

Sikuona kosa. Jina la kitengo ni refu, nikalifupisha. Mwenye duka akasema hajawahi kusikia mtu anaitwa Wilbert, kisha akafunga duka mchana kweupe. Mlevi mmoja ndiye aliyenionyesha nyumba.

Mama yake, Edvina, alisimama akaziba mlango.

"Waitu, ndugu yangu, Wilbert yuko Uganda."

"Mbona kandambili zake hizi, zina tope bichi?"

"Alikwenda peku."

"Ni kazi tu, mama."

"Najua ni kazi yenu. Na wewe una mama?"

Nikataka kumtuliza. "Hakuna ubaya. Hata vazi lake la risasi liko tayari."

Akakaa chini, akapiga yowe. Migomba nyuma ya nyumba ikatikisika. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikapaza sauti kuelekea kibanjani:

"Wilbert! Usalama wa Mionzi! Eksirei, mjinga wewe! Risasi ile madini, ya kukinga mionzi! Gaudiosa anaolewa kesho, hana wa kumwachia kazi!"

Mara migomba ikauliza, "Anaolewa na nani?"

"Josia wa Kemondo."

"Yule aliyefeli fizikia?"

"Huyo huyo. Unatoka hutoki?"

Akatoka, utando wa buibui kichwani. Mama akainuka, akampiga kibao cha mgongo. "Namwomba Mungu akupe kazi, leo imekuja mlangoni naipeleka Uganda!"

Tulipopita dukani, mwenye duka alivua kofia. Wilbert akampungia mkono, yule akaanza kulia.

Gaudiosa alikuwa getini na begi lake. Hakumsalimu Wilbert. Alimtupia ufunguo wa chumba cha eksirei, akapanda gari, akaniambia nisizime injini.