Paa la Wexcombe

Kwa miaka thelathini na moja, mume wangu Neville hajawahi kumaliza kutembelea kasri hata moja. Kila Jumamosi tunatoka na chupa ya chai na sandwichi za mayai, na kila Jumamosi, tukifika chumba cha tatu, magoti yake yanakumbuka mkahawa ulipo. Nami humfuata, nikala skonzi na jemu kwa hasira. Mapaa ya makasri nimeyaona kwenye kadi za posta tu.

Safari hii, langoni mwa kasri la Wexcombe, nilimwambia, "Leo napanda paani, Neville, hata ikibidi nikubebe mgongoni."

"Kwani nani amekataa?"

Chumba cha tatu, akaanza kutafuta pa kukaa. Viti vyote vya kale vilikuwa vimewekewa maua makavu ya miiba, maana sisi Waingereza tunaona haya kumwambia mtu asikae. Kimoja tu, dirishani, kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha mama anayelinda chumba, naye alikuwa ametoka kwenda msalani. Neville akajitupa.

Hata hajapumua vizuri, akaja bwana mmoja mwenye mwavuli, akadhani ndiye mlinzi, akamwonyesha picha ukutani. "Samahani mzee, huyu pichani ni nani?"

Neville hajui kusema sijui. "Huyo ni Bwana Ambrose. Alimng'ata askofu."

"Alimng'ata wapi?"

"Bustanini."

Watu wakacheka, wakasogea. Mlinzi aliporudi, kesi ya askofu katika hadithi ya Neville ilikuwa imefika kwa mfalme, na badala ya kumfukuza mume wangu, yule mama akasimama nyuma kusikiliza.

"Neville," nikamnong'oneza, "paa linafungwa saa kumi."

"Tangulia, Maureen. Nitawaachaje watu njiani?"

Nikatangulia. Juu kulikuwa na upepo, mto, kondoo wengi na minara ya makanisa matano. Hakuna aliyeniuliza chai iko wapi. Nilikaa nusu saa, na kusema kweli sikumkumbuka mume wangu hata mara moja. Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Niliposhuka nilimkuta na kikombe cha chai mkononi, ameshaombwa na yule mlinzi arudi Jumamosi ijayo kusimulia tena.

"Huko juu vipi?" akaniuliza. "Kama ni kuzuri, siku moja nitajikaza twende wote."

Nikamtazama magoti, kisha nikamtazama usoni.

"Vigae tu na mavi ya njiwa," nikasema. "Usijisumbue, mpenzi."